Walivyomfufua Mume Wangu kwa Televisheni

Mume wangu Kipkosgei alikufa katika ajali ya treni mwaka wa 1993, nami nikamzika Siongiroi, kwenye shamba la baba yake, kati ya nyumba yangu na boma la ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa huko leo wanasema halikutokea. Ukiwauliza, watakuambia Kipkosgei yuko hai mahali fulani, na kwamba yule Mkisii aliyekuwa mke wake alileta maiti ya mtu asiyejulikana ili apate pa kukaa. Mkisii huyo ni mimi. Jina langu ni Mongina.

Nilizaliwa upande wa Kisii, si mbali na Sotik. Shule sikupelekwa. Baba alisema wavulana kwanza, na wavulana walipomaliza hakukuwa na kilichobaki. Nikiwa msichana nilienda Kericho kuchuma chai. Kule kwenye mashamba makubwa tuliishi makabila yote katika laini za vijumba vinavyofanana, na hapo ndipo nilipomjua Kipkosgei. Alikuwa akipakia chai kwenye malori kiwandani. Alikuwa mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe, mpaka wewe msikilizaji unacheka bila kujua unacheka nini.

Tulipooana ndugu zangu walikasirika, na wa kwake wakakasirika zaidi. Mama yake, ambaye kila mtu anamwita Kogo, yaani nyanya, alinitazama siku ya kwanza akamwambia mwanawe kwa Kikipsigis, "Kwani wasichana wa huku wameisha?"

Lugha yao nilikuwa nimeshajifunza kwenye laini. Nikamjibu, "Hawajaisha, Mama. Walimsikia akikoroma."

Kogo alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tulikaa vizuri. Sitamsingizia. Kwa miaka mingi alinipenda kuliko alivyonipenda mama aliyenizaa.

Watoto sikubahatika. Wawili walizaliwa wakafa, kisha tumbo likanyamaza. Kipkosgei hakunifukuza wala hakuleta mwingine. Baadaye alipata kazi Mombasa, kwenye ghala ambamo chai yetu hulala kabla ya kupanda meli, akawa anakuja nyumbani Krismasi, na mara nyingine Agosti. Safari ya mwisho alikuwa anarudi kazini. Mvua ilikuwa imenyesha sana huko chini. Mto ulikula nguzo za daraja, treni ikaingia majini. Sisi tulisikia kwa redio.

Nilienda kumtafuta pamoja na shemeji yangu Kipngeno, mdogo wake Kipkosgei. Mochari ilikuwa katika mji wa joto, na watu walijaa uani kama siku ya mnada. Kipngeno alifika mlangoni, akageuka, akatapika kwenye maua.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Ingia wewe. Wewe ndiye unayeujua mwili wake."

Niliingia. Nyuso hazikuwa na faida tena, maji yalikuwa yameziharibu, kwa hiyo niliangalia miguu tu, mmoja baada ya mwingine. Kipkosgei alijikata na jembe akiwa kijana. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha, nacho kilipanda juu ya mwenzake. Wakati wa baridi kilikuwa kikimuuma, nami nilikuwa nakikanda kwa mafuta jikoni. Nilikiona. Nikakishika. Nikamtazama mdomoni, meno mawili ya chini hayakuwepo, kama walivyong'olewa wanaume wa rika lake. Mtu hahitaji uso kumjua mume wake.

Nilipotoka, mwanamke mmoja alikuwa akizunguka uani akiwalilia wenzake, "Chagueni upesi, kabla hawajaisha!" Alikuwa amechanganyikiwa, maskini. Mimi na Kipngeno tulimsikia sote wawili.

Tukamleta nyumbani, tukamzika. Pasta aliomba. Kipngeno mwenyewe alikoroga saruji akatengeneza ukingo wa kaburi, akaandika jina la kaka yake kwa msumari kabla haijakauka.

Mwanamke asiye na mtoto hana lake kwa watu wa mume. Lakini mimi nilikuwa na kaburi. Wazee walikaa wakasema mke atabaki na mume wake, kwa hiyo nyumba yangu na kipande kinachozunguka kaburi ni vyangu mpaka nife. Kipngeno alikuwepo, akasema sawa. Nikaacha kazi ya chai, nikahamia Siongiroi moja kwa moja. Nilipanda maharagwe na sukumawiki, nikafuga kuku, nikapalilia kaburi. Niliona kwamba hapo ndipo nitakapozeekea, na sikuona vibaya.

Mwaka uliofuata alinijia kijana aitwaye Ogari, mtoto wa Mzee Mosoti mwenye duka la vitambaa pale Sotik. Kwao na kwetu ni jirani. Ogari alikuwa Nairobi, akiandika michezo ya kuigiza ya televisheni. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba yangu, akanywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye majivu, bila kukunja uso, mpaka Kogo akasema huyu ni mtu.

Aliniuliza habari ya ajali. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu walinipa pole, wakala, wakaenda. Nilimwambia yote: joto, maua, Kipngeno kutapika, mguu, yule mwanamke wa uani na maneno yake. Nilizungumza mpaka ng'ombe wakarudi.

"Mama, nitaitengeneza vizuri," alisema akiondoka. "Watu wataona ulivyoteseka."

Mchezo wenyewe ulianza mwaka wa 1996, kila Jumatano jioni. Kipngeno alikuwa amenunua televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, na nyumba yake ilijaa watu kuliko kanisa. Wiki ya kwanza waliona treni ikianguka. Ilikuwa treni ya kuchezea kwenye maji ya beseni, hata watoto walijua, lakini mimi nilitazama chini. Watu waliambiana, "Hii ni ile ya Mongina," na wakanipa kiti cha mbele. Nitasema ukweli, nilijisikia mtu.

Halafu ikaja wiki ya mochari. Mke katika mchezo aliitwa Edinah, mwanamke mzuri wa Nairobi mwenye nywele za kupigwa pasi. Shemeji yake akatapika kwenye maua.

"Huyo ni mimi!" Kipngeno alipiga paja. "Angalieni, huyo ni mimi!"

"Lakini yeye ni mrembo kuliko wewe hata akitapika," alisema mke wake, Chepchumba, na nyumba nzima ikacheka.

Kisha yule Edinah akajisemea mwenyewe, taratibu, "Nichague upesi, kabla hawajaisha." Akaingia. Akafunua miguu ya maiti mmoja. Wakaonyesha uso wake, na sauti yake ikasikika kama inatoka moyoni: "Si yeye. Lakini nani atajua?" Akainua kichwa akamwita mfanyakazi, akasema, "Ni huyu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Waligeuka wote, wakubwa na wadogo, wakanitazama pale kwenye kiti cha mbele.

"Ala, Mongina!" Chepchumba alisema.

"Huo ni uongo," nikasema.

"Uongo upi?" Kipngeno aliuliza. "Maua hayakuwepo? Mimi sikutapika?"

"Ulitapika."

"Na hayo maneno ya kuchagua upesi, hayakusemwa? Mimi niliyasikia kwa masikio yangu."

"Alisema mwanamke mwingine. Wewe ulimwona."

"Basi niambie," Kipngeno alisema, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayepiga hesabu. "Huyo kijana amejua mambo yote vile yalivyokuwa. Amekosea hilo moja tu?"

Kweli zangu zote ndizo zilizoufanya ule uongo usimame.

Kufikia Jumapili maneno yalikuwa yamefika mpaka soko la Sigor. Walisema nilimtubia Mkisii mwenzangu siri niliyowaficha watu wa mume wangu, naye kijana akashindwa kunyamaza. Niliwaambia mchezo ni mchezo. Walinijibu kwamba Ogari alikuja kwangu, wao walimwona, na alikaa mchana kutwa. Mtu akitaka kutunga uongo hasafiri kutoka Nairobi. Anatungia huko huko.

Bado Kogo alikuwa upande wangu. Aliwaambia waache upuuzi, akaniletea maziwa. Halafu ikaja ile Jumatano ambayo mume wa Edinah alirudi.

Hakuwa amekufa. Alikuwa amegongwa kichwani, amesahau hata jina lake, akawa anabeba mizigo katika soko la mji wa mbali, miguu peku, shati limepasuka mgongoni. Siku moja anasikia honi ya treni, anakumbuka, anaangusha gunia, anaanza kutembea kwenda kwao. Kogo hajui Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo Kipngeno alikuwa akimweleza kila neno. Kogo alisimama. Akaisogelea televisheni, akaishika pande zote mbili kama unavyoshika mashavu ya mtoto.

"Mbona amekonda hivi?" alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Anakuja lini?"

Kipngeno angeweza kusema, Mama, huyu ni mwigizaji, analala kwake Nairobi na mkewe. Maneno machache tu. Alinitazama mimi kwanza, kisha akamwambia mama yake, "Hawajasema."

Tangu siku hiyo Kogo aliweka kibuyu kimoja cha mursik pembeni, hakiguswi. Asubuhi alikaa kwenye lango akiangalia barabara. Aliacha kuingia kwangu. Alipokwenda bomani alipita juu ya kaburi, akilikanyaga, yeye ambaye zamani alikuwa akilizunguka huku amenyamaza. Nilijaribu kumkumbusha kile kidole cha mguu. Yeye ndiye aliyekifunga kitambaa siku mwanawe alipojikata. Aliniambia, "Watu wengi wamejikata na jembe, mwanangu." Aliniita mwanangu, na sauti ilikuwa ya mtu anayemwombea mwenzake msamaha.

Nikaenda Sotik. Nilisikia Ogari amekuja kusalimia wazazi, nikamkuta dukani kwa baba yake, amezungukwa na vijana wanaotaka kumshika mkono. Mzee Mosoti alinikaribisha kwa sauti kubwa ili wateja wasikie.

"Ndiye huyu! Ndiye mwenye ile hadithi! Mama, si unaona mwanangu amekutoa kwa televisheni?"

"Amenitoa nyumbani, Mzee," nikamjibu. Nikamgeukia Ogari. "Twende Siongiroi. Uwaambie kwa mdomo wako kwamba mimi sikukuambia maiti hakuwa wangu."

Ogari aliona haya kidogo. Alikuwa mtoto wa watu, hakuwa mbaya. "Mama, ule ni mchezo tu. Kila mtu anajua."

"Mama mkwe wangu hajui."

"Mchezo lazima uwe na kitu. Mtu akifa, akazikwa, ikaisha, nani atatazama wiki inayofuata? Ilibidi arudi."

"Wangu hakurudi."

"Ninajua, Mama."

"Kama unajua, twende."

Alitazama saa yake. Alisema anarudi Nairobi kesho yake, wanarekodi zinazofuata, lakini wakati mwingine akija atapita. Mzee Mosoti akakunja kipande cha kitenge akanipa kama zawadi. Nilikiacha juu ya kaunta. Ogari hakupita wakati huo, wala mwingine.

Miezi michache baadaye Chepchumba alikaribia kujifungua. Kipsigis wana desturi yao mtoto akizaliwa, hata wale wa kanisani huifanya, ila hawamwambii pasta. Wanawake wazee hukaa na mtoto mchanga, wakataja majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine, wakimwekea ugoro kidogo puani. Jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto atachukua jina lake. Aliye hai haitwi, kwa sababu hawezi kurudi mtu ambaye hajaondoka.

Kogo ndiye aliyesema tujue kwa njia hiyo. Jina la Kipkosgei litatajwa kabla ya mengine, na kurudiwa. Mtoto akipiga chafya, basi kaburi ni la Kipkosgei, na mdomo wa kila mtu ufungwe. Asipopiga, hayuko kwa wafu, na Mongina aende kwao. Kipngeno alikubali upesi. Mimi pia nilikubali. Niliwaza hivi: mume wangu amekufa, mimi nimemshika amekufa, na kama wafu wao husikia wakiitwa, atasikia. Hatakaa kimya huku mke wake anafukuzwa. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya chafya ya mtoto. Nilipita kaburini nikamwambia Kipkosgei ajiandae.

Mtoto alizaliwa, mvulana mwenye afya. Asubuhi tuliingia wanawake. Chepkorir, kikongwe rafiki wa Kogo tangu ujana wao, alimpakata mtoto kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa na ugoro. Kogo alikaa karibu naye.

"Kipkosgei, ni wewe?" Chepkorir aliita. "Kipkosgei, umekuja?"

Mimi sikutazama mtoto. Nilitazama mkono. Ulikuwa umefumbwa, umelala juu ya paja lake.

"Kipkosgei?" aliita tena, kwa upole, kama anayebisha mlango asitake ufunguliwe. Mtoto alipiga mwayo.

Kisha akaita jina la babu yao, "Kipkemoi, ni wewe?" na hapo mkono ulifumbuka ukapanda mpaka puani. Mtoto alipiga chafya, na tena, na wanawake wakapaza sauti za furaha.

"Hakumwekea ugoro!" nikapiga kelele. "Kwa Kipkosgei hakuweka! Mkono ulikuwa umefungwa, mmeona wote!"

Kelele zikakatika. Chepkorir alinitazama kwa macho yake mekundu ya moshi.

"Wewe Mkisii," alisema, "leo unatufundisha kuita watu wetu?"

"Rudieni. Nawaomba, rudieni na ugoro."

"Mtoto ameshapata jina," Chepchumba alisema kutoka kitandani. "Unataka arudishe?" Wawili watatu wakacheka.

Nilipiga magoti mbele ya Kogo. "Mama, uliona. Wewe ulikuwa karibu. Sema uliona."

Kogo alikuwa akilia, lakini hakuwa analia kwa huzuni. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Hayupo huko," alisema. "Umesikia, Mongina? Mwanangu hayupo huko." Nami nikaelewa kwamba aliona, na kwamba kama Chepkorir angeufungua ule mkono, Kogo mwenyewe angeushika akaufumba. Alikuwa amepewa mtoto wake. Ili mimi nipate kaburi langu, ilinibidi nimuue mwanawe mbele ya macho yake mara ya pili, na hakuna mama angeniruhusu.

Nilienda kwa wazee waliokuwa wamesema nibaki. Walijibu kwamba walisema hivyo kwa ajili ya mke wa marehemu, na sasa marehemu hayupo. Nilienda kwa pasta. Alisema mambo ya ugoro ni ya giza, hataki kuyasikia, halafu akaniuliza polepole kama ni kweli Edinah atasamehewa mwishoni.

Kipngeno alileta ng'ombe wa kulima wiki mvua ilipoanza. Maiti hawakuifukua, watu wale hawagusi mfu ovyo. Alivunja tu ukingo wa saruji kwa nyundo na kutupa vipande nyuma ya choo. Nilimshika mkono.

"Acha hata mahali penyewe. Lima pembeni, mimi niende, lakini usipite juu yake."

"Juu ya nani?" aliuliza. "Nitajie jina lake na ukoo wake, nitaacha."

"Wewe uliandika jina lake kwa mkono wako."

"Niliandika ulichoniambia." Akawapigia ng'ombe mluzi.

Nilifunga vitu vyangu. Kogo alinisindikiza mpaka langoni, akanibebea hata kikapu. Alinishika mikono yote miwili. "Nenda kabla hajafika, mwanangu," alisema. "Akikukuta hapa, utamwambia nini?"

Kwa ndugu zangu nilikaa kidogo, nikaonekana mzigo, nikarudi Kericho kuchuma chai. Vidole si vya zamani. Wasichana wananipita kwenye mistari na msimamizi ananiita Nyanya kabla sijafika umri wa kuitwa hivyo. Mchezo uliisha, ukaanza mwingine wa mambo ya harusi.

Mwaka jana nilipanda lori la mahindi lililokuwa likienda Siongiroi, nikashuka kabla ya senta, pale madukani, nikatembea mpaka kwenye ua wao. Sikutaka kuingia. Nilitaka kusimama tu mahali ambapo ningeweza kuelekeza uso wangu kwake. Nyumba yangu haikuwepo. Boma la ng'ombe lilikuwa limehamishiwa ng'ambo ya barabara. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, yamelimwa vizuri, yote kimo kimoja kutoka ua mpaka ua. Nilijaribu kupima kwa macho lilipokuwa kaburi kutoka kwenye mti wa lango, nikajaribu tena kutoka chooni. Kila mara nilifika mahali tofauti. Mtu alianza kunipigia kelele kutoka ndani akiuliza natafuta nini, nikaondoka.